Sifuri si Kapa: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Kitini



Muhula uliopita wanafunzi wa mwaka wa tatu katika kozi ya Tafsiri na Istilahi waliniletea kitini cha kurasa kumi na mbili kuhusu lugha za kuandikia programu za kompyuta. Kitini hicho kilitafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu mwenye nia njema, na kwa kiasi kikubwa kazi yake inastahili pongezi. Kiswahili chake hakina madoido, mifano yake ni mifupi, na mfasiri hakuogopa kuutafutia ujuzi mpya maneno ya Kiswahili. Hata hivyo, katika ukurasa wa saba kuna sentensi moja iliyotufanya tusimame kwa kipindi kizima: "Aina za thamani haziwezi kuwa sifuri."

Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Upatanisho wa kisarufi ni sahihi na kikanushi kipo mahali pake. Tatizo ni kwamba inachosema ni kinyume cha ukweli. Aina za thamani zinaweza kuwa sifuri, na katika lugha kama C# na Java sehemu ya kitu ambayo mwandishi wa programu hakuipa namba yoyote huanza kwa kuwa sifuri. Kitu ambacho haziwezi kuwa ni kingine, nacho ndicho ambacho wanakompyuta hukiita nali, yaani hali ya nafasi kutokuwa na kitu ndani yake.

Makala haya hayakusudii kumkejeli mfasiri. Lengo langu ni kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kosa hilo la neno moja limeficha swali zuri ambalo mwanafunzi wa lugha anaweza kulijibu. Pili, sehemu kubwa ya jibu tunayo katika sarufi ya Kiswahili. Tatu, tukichanganya sifuri na kutokuwepo, kuna watu wanaoumia. Hilo la tatu nimelishuhudia mwenyewe, na ndilo nitakaloanza nalo.

Kisa cha karatasi ya alama

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha wakati huo, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliugua siku mbili kabla ya mtihani wa fonolojia. Alileta cheti cha daktari, akaruhusiwa kufanya mtihani maalumu muhula uliofuata. Katika karatasi ya alama niliacha nafasi yake wazi, kama tulivyozoea. Karatasi ikapelekwa kuingizwa katika programu ya matokeo. Mwandishi wa programu ile alikuwa ameitengea kila alama nafasi ya namba kamili, basi. Palipokuwa wazi kwenye karatasi pakawa 0 kwenye kompyuta.

Orodha ilipochapishwa niliipitia harakaharaka na kutia saini. Sikuiona ile 0. Kikao cha watahini kiliisoma kama 0 inavyosomwa kila mahali, kwamba mwanafunzi huyu aliingia katika chumba cha mtihani na hakujibu lolote la maana. Akaandikiwa kurudia kozi, na kwa kuwa alionekana ameanguka, akapoteza msaada wa ada. Alipokuja ofisini kwangu hakulia wala hakugomba. Alisema, "Shikamoo mwalimu. Mimi sijafanya mtihani. Mbona imeandikwa nimepata sifuri?"

Ilituchukua karibu muhula mzima kulirekebisha jambo hilo, na katika muda huo baba yake aliuza ng'ombe ili kulipa ada ambayo haikupasa kuwa deni lake. Nimeyasema haya ili msomaji ajue kwamba ninapohoji tofauti kati ya sifuri na kutokuwepo, sihoji mambo ya vitabuni tu. Saini iliyo chini ya karatasi ile ni yangu.

Sarufi yetu inasemaje?

Tuitazame tena kauli ya mwanafunzi yule. Hakusema "sikufanya mtihani". Alisema "sijafanya". Wanafunzi wetu wengi, hasa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu au ya nne, huzichukulia kauli hizi mbili kuwa ni sawa, na sisi walimu huwasahihisha kila wiki. "Hakufanya" hufunga jambo, yaani wakati ulipita na tendo halikutendeka. "Hajafanya" huliacha jambo wazi, kwa maana kwamba tendo halijatokea na bado linaweza kutokea. Tukiongeza "amepata sifuri" tunapata hali tatu zilizo mbali kabisa: mtu aliyefanya na kukosa yote, mtu ambaye hakufanya, na mtu ambaye hajafanya.

Ukanushaji wa namna ya -ja- haupo katika Kiswahili peke yake. Mganda husema "tannajja" kwa mtu ambaye hajaja, na "teyajja" kwa mtu ambaye hakuja. Mnyarwanda naye husema "ntaraza" na "ntiyaje". Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala au Kigali anapoingia darasani kwetu, tayari anayo tofauti hii katika lugha ya mama. Programu ile ya matokeo haikuwa nayo. Hali tatu ambazo mkulima asiyejua kusoma huzitenganisha bila kufikiri ziliminywa zote katika alama moja ya 0.

Kwa nini basi haiwezekani?

Sasa tulirejee swali ambalo kitini kililificha. Kwa nini nafasi ya namba kamili haikuweza kusema "hajafanya"? Wapo wanaojibu kwamba lugha ya programu imekataza. Jibu hilo ni sawa na kumwambia mwanafunzi kwamba "kitabu" kiko katika ngeli ya KI-VI kwa sababu mwalimu amesema. Ni kweli kwamba ukijaribu kuandika nali katika nafasi ya aina hiyo, C# na Java zitaikataa programu yako kabla haijaanza kufanya kazi. Lakini katazo hilo lina sababu.

Katika C# na Java namba kamili ya kawaida, inayoitwa int, hutengewa biti 32. Kila biti ni 0 au 1, kwa hiyo biti 32 zinaweza kupangwa kwa namna 4,294,967,296. Mipango hiyo yote imekwisha kugawiwa. Kila mmoja una namba yake, kuanzia hasi 2,147,483,648 hadi chanya 2,147,483,647. Hakuna hata mmoja uliobaki ambao ungeweza kutumika kusema "hapa hapana namba". Ukiuchukua mmoja kwa kazi hiyo, umeinyang'anya namba fulani nafasi yake.

Mfano wa karibu ni ubao wa mabao katika uwanja wa mpira wa kijijini. Kabla ya mechi kuanza ubao husomeka 0–0. Mechi ikiisha kwa suluhu bila kufungana, ubao husomeka 0–0 vilevile. Mpita njia hawezi kujua kama timu zimetoka sare au hazijaingia uwanjani. Ubao haukumdanganya. Umesema kila unachoweza kusema, kwa kuwa umetengenezwa kuonyesha namba tu. Magazeti hulijua tatizo hilo, na ndiyo maana katika msimamo wa ligi huweka safu ya kwanza inayoonyesha idadi ya mechi zilizochezwa. Safu hiyo haihesabu mabao. Inamwambia msomaji ayachukulieje mabao anayoyaona.

Aina za rejeo, ambazo ni kundi la pili katika lugha hizo, zina hali tofauti. Nafasi ya rejeo haibebi kitu chenyewe. Hubeba anwani ya mahali kitu kilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Ni kama karatasi ndogo yenye namba ya simu ya mtu. Karatasi inaweza kuwa mkononi mwako bila namba yoyote, nawe ukajua kuwa huna wa kumpigia. Kwa kawaida anwani sifuri huachwa bila kupewa kitu chochote, kwa hiyo mpango wa biti zote 0 unaweza kusomwa kama "haielekezi popote". Hapo nali ina mahali pa kukaa.

Msomaji makini atauliza swali. Je, thamani ya kweli au uongo, ambayo katika C# hukaa katika baiti moja yenye mipango 256, haina nafasi za ziada? Anayo haki ya kuuliza. Nafasi zipo, lakini lugha imechagua kanuni moja kwa kundi zima: aina ya thamani ni thamani yenyewe na haikosi kuwapo. Ziko pia namba zilizotengewa mipango maalumu tangu mwanzo. Kanuni za namba za desimali zilizokubaliwa mwaka 1985, zijulikanazo kama IEEE 754, zina mpango unaosomwa "si namba". Lakini hata huo ulikusudiwa kwa hesabu zisizo na jibu, kwa mfano sifuri kugawanywa kwa sifuri. Haukuwekwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyelazwa hospitalini.

Ubaya wa njia ya mkato

Waandishi wengi wa programu, wakikosa njia ya kusema "hakuna", huteua namba moja iwe ishara. Huweka −1, au 99, au 999, wakiamini kwamba hakuna mwanafunzi atakayepata alama hiyo. Mimi nalipinga zoea hili kwa sababu za kiisimu. Ishara hufanya kazi pale tu ambapo mwandishi na msomaji wamekubaliana. Atakapokuja karani mpya asiyejua makubaliano hayo, 999 itajumlishwa na alama za wengine, na darasa zima litapata wastani wa ajabu. Tarehe nazo zina mtego wake. Katika C# tarehe ni aina ya thamani, na isipojazwa huanzia tarehe 1 Januari ya mwaka wa 1. Ukiona orodha ya wanafunzi ambayo mmoja wao amezaliwa kabla ya Mtume Muhammad na hata kabla ya dola ya Aksum kuingia Ukristo, usimcheke. Amekosa tu kuandikiwa siku yake ya kuzaliwa.

Athari kwenye wastani huonekana hata kwa hesabu ndogo. Mwanafunzi mwenye 60, 70 na jaribio moja ambalo hajafanya ana wastani wa 65 kwa majaribio mawili. Tukiweka 0 mahali pa lile la tatu, wastani unakuwa 43.3. Katika hifadhidata zinazotumia lugha ya SQL, nafasi iliyoachwa kapa hairukwi kwa bahati. Kanuni ya kutafuta wastani imewekwa makusudi isiihesabu. Na hilo linawezekana kwa sababu taarifa ya ukapa huhifadhiwa nje ya namba yenyewe. Mfumo wa PostgreSQL, kwa mfano, mstari wa data unapokuwa na nafasi kapa, huuwekea biti za pembeni zinazoonyesha ni nafasi zipi.

Huo ndio utatuzi ambao wabunifu wa C# nao waliufuata mwaka 2005, toleo la pili la lugha hiyo lilipotoka. Waliruhusu mwandishi kuweka alama ya kiulizo baada ya jina la aina, na hapo namba ikaongezewa alama ya kweli au uongo inayosema kama thamani ipo au haipo. Kwa int, baiti 4 zinakuwa 8 kutokana na namna kompyuta inavyopanga kumbukumbu. Thamani yenyewe haikuwa kapa hata hapo. Ilipewa mwenzi wa kuisemea.

Mofimu kapa na mwenzi wake

Walimu wa mofolojia wameshaona ninakoelekea. Katika neno "tunda" tunasema kuna mofimu kapa ya umoja mahali ambapo "matunda" ina ma-. Tunajuaje kuwa ipo wakati haionekani wala haisikiki? Tunaijua kwa sababu ya ule upinzani na ma-. Kama neno "tunda" lisingekuwa na umbo lolote la kulilinganisha nalo, tusingekuwa na haki ya kudai kwamba kuna nafasi iliyo wazi mbele yake. Ukimya huwa na maana pale ambapo sauti ingewezekana. Namba ya int peke yake ni neno lisilo na wingi. Kila umbo lake ni kauli ya namba, na hakuna umbo jingine la kupingana nalo. Ile alama ya kweli au uongo ndiyo inayoleta upinzani huo.

Mtu anaweza kunipinga kwamba mofimu kapa ina maana, yaani umoja, ilhali nali haina maana yoyote. Nakubali kwamba mfano haulingani kwa kila hali. Lakini nali pia si ukimya mtupu. Inasema "nafasi hii inatambulika, na hakuna kilichowekwa". Hiyo ni taarifa, na kikao cha watahini kingeipata, ng'ombe yule asingeuzwa.

Je, kila kitu kiruhusiwe kuwa kapa?

Baada ya kisa nilichosimulia, msomaji anaweza kutaka kila nafasi iruhusiwe kuwa nali. Hapa natofautiana naye. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, aliingiza rejeo la nali katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965. Mwaka 2009, akizungumza London, aliliita kosa lake la dola bilioni moja, kwa kuzingatia hitilafu zote zilizofuata. Programu inapofuata rejeo lisiloelekeza popote, huanguka, na mwandishi hawezi kujua kwa kutazama aina tu ni rejeo lipi linaweza kuwa kapa. Ndiyo maana lugha zilizofuata zilirudi nyuma. Swift iliyotangazwa mwaka 2014 na Kotlin ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2016 humlazimisha mwandishi atamke wazi ni nafasi ipi inaweza kukosa kitu. C# nayo mwaka 2019 ilianza kutoa onyo la namna hiyo hata kwa aina za rejeo.

Kwa hiyo kutoweza kuwa kapa ni udhaifu mahali pengine na ni ahadi mahali pengine. Idadi ya wanafunzi waliosajiliwa inapaswa kuwa namba siku zote, hata kama ni 0. Alama ya mtihani haipaswi kubanwa hivyo, kwa sababu kuna wakati mtihani haujafanywa. Kosa la programu yetu halikuwa kutumia namba kamili. Kosa lilikuwa kuahidi kwamba alama ipo siku zote, wakati kila mwalimu anajua kwamba haipo siku zote.

Kuhusu istilahi

Nimalizie na neno lenyewe, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. "Nali" nimeitumia kwa kuazima, lakini msomaji wa tenzi atakumbuka kwamba katika Kiswahili cha zamani "nali" ni "nilikuwa". Ni kichekesho kwamba neno la kutokuwepo lifanane na neno la kuwapo. "Batili" ni kitu kisichokubalika, kama kura iliyoharibika, ilhali nali inakubalika kabisa. "Tupu" tayari lina kazi, kwa sababu wanakompyuta hutofautisha matini tupu, yaani isiyo na herufi hata moja, na matini ambayo haipo. Bahasha tupu si sawa na kukosa bahasha. "Sifuri" wapo watakaoitetea kwa asili yake, kwamba katika Kiarabu maana ya sifr ni kitu kitupu. Lakini asili ya neno haitawali matumizi yake ya leo. Sifuri ni namba, na mtoto wa darasa la kwanza anaihesabu.

Napendekeza "kapa". Wanaisimu tayari tunalo katika mofimu kapa, na mashabiki wa mpira wanalo wanaposema timu imetoka kapa. Sentensi ya ukurasa wa saba ingesomeka hivi: "Kibadilika cha aina ya thamani hakiwezi kuwa kapa, kwa sababu kila mpangilio wa biti zake tayari ni thamani; ukapa ukihitajika, huongezwa alama ya kuonyesha kama thamani ipo." Ni ndefu kuliko ya mfasiri, lakini mwanafunzi akiisoma atajua sababu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo kuhusu karatasi za alama. Tusiache nafasi wazi, wala tusiandike 0 kwa asiyekuwepo. Tuandike "hajafanya" au "hakufanya", kwa herufi, ili mashine isiyojua kusoma neno hilo ikatae na kutuuliza. Mwanafunzi yule alifanya mtihani wake maalumu, akapata 64.

Maoni ya wasomaji kuhusu istilahi hii yanakaribishwa katika toleo lijalo, hasa kutoka kwa wale wanaofundisha somo la kompyuta kwa Kiswahili.